Koo la Marimba ya Babu

Siku ile walikuwepo Nyemo, Mama, mtoto Malogo mgongoni kwa Mama, Babu Lechipya, na jirani yao Mama Sechelela.

Kuku saba walikuwepo pia. Na buibui mmoja, ila hakuna aliyemwona.

Bibi hakuwepo. Alikuwa mjini, akitibiwa macho, na Baba alikuwa amekwenda kumchukua.

Kijiji chao kiko katikati ya Tanzania, upande wa Dodoma. Ni nchi ya mtama, karanga na vumbi jekundu.

Daktari alikuwa amesema, "Vumbi lisiingie kwenye jicho la Bibi."

Basi wote wakashika mifagio.

Fagia, futa. Fagia, futa. Bibi anakuja.

Mama alifagia sakafu. Mama Sechelela alifagia kuta, kwa ufagio mrefu uliofika mpaka darini.

"Buibui wote nje," alisema Mama Sechelela. "Leo hakuna kulala hapa bila kodi."

Nyemo alicheka. Naye alikuwa na kitambaa chake chenye maji.

Fagia, futa. Fagia, futa. Bibi anakuja.

Kitu kimoja tu hawakukigusa. Ni kigoda cha Bibi, kile cha miguu mitatu, kando ya mlango.

"Kigoda cha msafiri hakihamishwi," alisema Babu. "Kimsubiri hapo hapo."

Tangu Bibi aondoke, hakuna aliyekikalia. Wakafagia kukizunguka.

Nyemo alifuta meza. Alifuta dirisha. Kisha akaiona marimba ya Babu ukutani.

Ilikuwa marimba ya mkono. Wagogo huiita ilimba. Ina kisanduku cha mti, na juu yake vipande vyembamba vya chuma. Hupigwa kwa vidole gumba.

Mbele ya kisanduku palikuwa na tundu dogo. Na juu ya tundu, utando wa buibui.

"Uchafu huu," alisema Nyemo.

Akafuta. Utando ukatoka wote.

Marimba ikang'aa. Nyemo akafurahi sana.

Babu akaja, akaichukua. Akakaa, akaweka vidole gumba tayari.

Ting. Ting. Ting.

Babu akasimamisha vidole. Akaigeuza marimba. Akaitazama muda mrefu.

"Nani ameosha marimba yangu?" aliuliza, taratibu.

"Mimi, Babu," alisema Nyemo. "Ilikuwa na utando wa buibui."

"Huo utando," alisema Babu, "ndio uliokuwa koo lake."

Nyemo hakuelewa. Babu akamvuta karibu.

"Weka vidole hapa mbele ya shingo yako. Sasa sema zzzzz."

"Zzzzz," alisema Nyemo. Koo lake likatetemeka chini ya vidole.

"Ndani mna vitando viwili vidogo," alisema Babu. "Pumzi inatoka kwenye mapafu, inapita hapo katikati, navyo vinatetemeka. Ndiyo sauti yako."

"Na marimba?"

"Marimba ina meno, haya ya chuma. Ina tumbo, hili la mti. Na koo lake ni utando wa buibui. Ukitetemeka, inaimba ting-zzzi, ting-zzzi."

Babu akapiga tena.

Ting. Ting. Ting.

Hakukuwa na zzzi.

Nyemo akakumbuka siku Bibi alipoondoka. Bibi alikuwa amesema, "Nikirudi, jicho moja litakuwa limefunikwa, na jingine bado lina ukungu. Nipigieni marimba, nijue nimefika kwangu."

Na Babu alikuwa amesema, "Nitapiga."

Macho ya Nyemo yakajaa machozi. "Babu, Bibi atajuaje amefika?"

Babu akamfuta machozi kwa kidole gumba.

"Baba yako alipokuwa mdogo alitoboa utando huu kwa kidole," alisema. "Alitaka kuona nani anaimba ndani."

Nyemo akacheka kidogo, machozi yakiwa bado mashavuni.

"Tutafute utando mwingine," alisema Babu. "Ila magoti yangu hayakimbii tena."

"Yangu yanakimbia," alisema Nyemo.

"Basi tafuta ile nyumba ambayo buibui hutagia mayai. Ni nyeupe, ya duara, nyembamba kama karatasi. Hubandikwa ukutani."

Nyemo akatazama kuta zote nne. Zilikuwa safi. Akatazama darini. Patupu, hapakuwa na hata uzi mmoja.

Walikuwa wamefagia kila mahali.

Mama Sechelela akaweka ufagio chini. "Mimi ndiye niliyewafukuza. Twende kwangu, mwanangu."

Wakaenda. Tapa, tapa, tapa.

"Hodi, hodi. Kuna nyumba ya buibui hapa?"

Mama Sechelela akatazama kuta zake. Akatazama nyuma ya mlango.

"Hakuna," alisema. "Nilifagia jana, Bibi yako asije akaja kunywa chai kwenye vumbi. Lakini chukua hii."

Akampa donge dogo la nta ya nyuki. "Mkipata utando, mtaubandika kwa nini? Kwa mate?"

"Asante, Mama Sechelela."

Nyemo akaitia nta mfukoni.

Akakimbia mpaka kwenye mashine ya kusaga. Tapa, tapa, tapa.

Mashine ilikuwa ikinguruma. Grrrr. Mzee Chilongani alikuwa mweupe kwa unga, mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, Mzee Chilongani. Kuna nyumba ya buibui hapa?"

"Marahaba. Umeleta mtama au umeleta maswali?"

"Nimeleta shida," alisema Nyemo.

Mzee Chilongani akazima mashine. Grrr, grr, gr. Kimya.

Watu wawili walikuwa wakisubiri zamu yao. Hawakulalamika. Mmoja hata akainama kutazama chini ya benchi.

Utando ulikuwepo, mwingi. Lakini ulikuwa umejaa unga, na ukiguswa tu, unakatika.

"Huu hauimbi," alisema Mzee Chilongani. "Huu unapiga chafya."

Akatoa tochi yake ndogo mfukoni. "Chukua. Buibui hukaa gizani. Utairudisha kesho."

"Asante, mzee. Asanteni kwa kutafuta."

Kwa maana Mama humwambia Nyemo kila siku, aliyetafuta akakosa, naye amekusaidia.

Jua likaanza kushuka. Nyemo akakimbia mpaka shuleni. Tapa, tapa, tapa.

Mwalimu Ndahani alikuwa akimwagilia mchicha.

"Shikamoo, Mwalimu. Kuna nyumba ya buibui hapa?"

"Marahaba, Nyemo. Leo ni Ijumaa. Wanafunzi wamefagia madarasa yote."

Nyemo akakaa chini, hapo hapo kando ya mchicha. Miguu ilimuuma.

Mwalimu akaweka ndoo chini, akachuchumaa karibu naye.

"Buibui anayejenga nyumba ya namna hiyo hapendi kusumbuliwa," alisema. "Ana miguu minane, na yote anaitumia kukimbia ufagio. Kwa hiyo usitafute mahali penye uchafu."

"Nitafute wapi?"

"Tafuta mahali ambapo hakuna aliyegusa kwa muda mrefu."

"Asante, Mwalimu."

Nyemo akarudi nyumbani polepole. Alikuwa na nta. Alikuwa na tochi. Utando hakuwa nao.

Tapa. Tapa. Tapa.

Mahali ambapo hakuna aliyegusa. Meza iliguswa. Dirisha liliguswa. Kuta ziliguswa na ufagio mrefu.

Akafika mlangoni. Akasimama.

Kando ya mlango palikuwa na kigoda cha miguu mitatu.

Nyemo akalala kifudifudi sakafuni. Akawasha tochi.

Tik.

Chini ya kigoda, penye giza, palikuwa na kitu cheupe. Cha duara. Chembamba kama karatasi.

"Babu," alisema Nyemo kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. "Babu, njoo."

Babu akaja. Akapiga magoti, moja, kisha la pili. Magoti yakalia ko, ko.

"Ndiyo," alisema Babu. "Ndiyo yenyewe."

Nyemo akanyoosha mkono, kisha akaurudisha.

"Babu, tunabomoa nyumba ya mtu?"

Babu akamulika vizuri. "Tazama pembeni. Unaona mlango mdogo? Watoto wameshatoka. Na mama yao amehama."

Nyemo akatazama ndani. Kweli, palikuwa patupu.

"Asante, mama buibui," alisema Nyemo.

Akaibandua taratibu, kwa ukucha. Haikuchanika.

Mbali, barabarani, kitu kikasikika. Tuku-tuku-tuku.

"Bajaji," alisema Mama, na Malogo mgongoni. "Wanakuja."

Babu akalainisha nta kwa vidole. Akaizungusha kwenye tundu. Kisha akashika utando, akampa Nyemo.

"Vidole vyangu ni vinene," alisema. "Weka wewe."

"Nikiuchana?"

"Ukiuchana, tutakuwa tumejaribu."

Tuku-tuku-tuku.

Nyemo akashusha pumzi. Akaweka utando juu ya tundu. Akabonyeza pembeni, hapa, na hapa, na hapa.

Tuku-tuku-tuku. Tuku. Tu.

Bajaji ikasimama.

Bibi akashuka, Baba akimshika mkono. Jicho moja lilikuwa limefunikwa pamba nyeupe. Kuku walikimbia huku na huku.

"Tumefika wapi?" aliuliza Bibi.

"Nyumbani, Mama," alisema Baba.

"Mimi naona ukungu tu," alisema Bibi. Akasimama pale pale, hakusogea.

Nyemo akamtazama Babu. Babu akaweka vidole gumba tayari.

Ting-zzzi.

Bibi akainua kichwa.

Ting-zzzi, ting-zzzi, ting-ting-zzzi.

Bibi akauachia mkono wa Baba.

Akatembea mwenyewe. Hatua moja, hatua mbili, akiifuata sauti. Hakuna aliyemshika.

Akafika mlangoni. Mkono wake ukashuka chini, ukakuta kigoda pale pale alipokiacha.

Akakaa.

"Hapa ni kwangu," alisema Bibi.

Babu aliendelea kupiga. Mama alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya khanga. Malogo alilala.

Baadaye kidogo, Bibi akainamisha sikio.

"Lechipya, marimba yako ina sauti mpya."

"Ina koo jipya," alisema Babu.

"La zamani limekwenda wapi?"

Nyemo akasogea mbele.

"Nililifuta, Bibi. Nilidhani ni uchafu. Nilitaka pawe safi, vumbi lisikuingie."

"Na hili jipya limetoka wapi?"

"Chini ya kigoda chako. Nimeubandika utando mwenyewe."

Bibi akacheka, akacheka mpaka akashika pamba yake isije ikaanguka. "Kumbe nilikuwa na mpangaji, na sina habari."

Akatafuta mkono wa Nyemo, akaushika. Akagusa vidole vyake kimoja kimoja. Kidole gumba. Cha shahada. Cha kati. Cha pete. Cha mwisho.

"Hivi ndivyo vilivyoubandika?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi hivi ndivyo vilivyonifikisha nyumbani," alisema Bibi. "Asante, mjukuu wangu."

Jioni ile wakala ugali wa mtama na mlenda. Mama Sechelela alileta chai, na kikombe cha Bibi kilijaa zaidi ya vyote.

Kisha Nyemo akaingia kitandani. Mama akamfunika shuka.

"Mama, nataka kusema asante, lakini watu ni wengi."

"Sema polepole. Bado mapema."

"Asante Mama Sechelela, kwa nta. Asante Mzee Chilongani, kwa tochi. Asante wale wawili waliosubiri unga. Asante Mwalimu, kwa kuweka ndoo chini."

"Na nani tena?"

"Asante daktari. Asante Babu, hukunifokea. Asante mama buibui, popote ulipohamia."

Nyemo akaweka vidole viwili kooni.

"Na asante koo langu," alisema. "Zzzzz."

Vidole vikatetemeka kidogo, kisha vikatulia. Nje, Babu alikuwa bado anapiga, taratibu.

Ting-zzzi. Ting-zzzi. Ting.

Nyemo akalala.

Wiki iliyofuata Bibi alitolewa pamba, na kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa kuku. Na tangu siku ile, nyumbani kwao hufagiwa kila mahali, isipokuwa chini ya kigoda cha Bibi.