Shingo ya Chupa ya Buluu

Gita lilikuwa juu ya kitanda, na Ozella Tubbs alikuwa jikoni akigeuza vipande vya kambare kwenye mafuta, mikono yote miwili imejaa unga wa mahindi. Ndipo waya mwembamba wa gita ukalia. Ulilia mara moja, ukavutwa ukapanda kama mtu anayeuliza swali, kisha ukanyamaza.

Shangazi Verbena alikuwa barazani, ugoro umejaa mdomoni. Akaita, "We Ozella, umemwacha nani chumbani?"

"Hakuna mtu, Shangazi. Panya huyo."

"Panya anajua blues?"

Ozella akageuza kipande kingine. Kulikuwa na harufu jikoni iliyoshinda ya samaki, harufu ya mafuta ya taa na tope la mtoni, na ilitoka upande wa chumbani. Alijua imetoka wapi. Alijua tangu alfajiri, ila alikuwa mbishi, na mbishi hukubali jambo mwisho kabisa, baada ya majirani.

Uani kwa Shangazi Verbena palikuwa na mti wa mwerezi uliokufa, kila ncha ya tawi imevishwa chupa ya buluu. Huku kwetu Mississippi hata mlevi anajua kazi ya chupa hizo. Majini hutembea usiku, huvutwa na ile rangi, huingia, hushindwa kutoka, na jua la asubuhi huwaunguza humo humo. Kwa hiyo chupa ya mtini haiguswi kabla jua halijaipiga. Na kila mpiga gita wa huku anajua jambo la pili. Shingo ya chupa ikikatwa vizuri, ikavaliwa kidole cha mwisho na kutelezeshwa juu ya nyaya, gita hulia kwa sauti ya binadamu. Ozella alivunja shingo yake ya chupa ya zamani siku moja kabla ya dansi la Jumamosi, na vidole vyake ni vyembamba, shingo za chupa za pombe humpwaya. Iliyomfaa ilikuwa moja tu, ya chupa ya dawa ya tumbo, pale mtini. Akaichukua alfajiri, giza bado limo, bila kumwomba mwenyewe. Alifunga uzi uliolowa mafuta ya taa kwenye shingo ya chupa, akauwasha, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Ikakatika safi. Kitu cha baridi kikampita katikati ya vidole, akadhani ni mvuke. Mpiga ngoma asingekosea hivyo. Hilo ni kosa letu sisi wenye magita, na nalitaja nikiwa na hasira, lakini nani asingeshawishika?

Jumamosi hiyo, kwenye kilabu cha mbao cha Cleophus, watu walirukwa na akili. Ozella alikuwa fundi siku zote. Alishika gita bila kuomba ruhusa ya mtu, si ya mwenye shamba la pamba, si ya mchungaji aliyemtoa kwenye kwaya. Lakini usiku ule gita lilisema mambo ambayo hajawahi kulifundisha. Wanawake walilia, wanaume wakatupa kofia. Dirishani, upande wa nje, alisimama kijana wa Kizungu, nywele zimepakwa mafuta hadi zinameta, kola imesimama. Huyo ni Dewey Hargett, mmoja wa wale waliokuwa wakipiga muziki mpya wa haraka haraka, nusu wa kwao na nusu wa kwetu, wakiuita rokabili. Alikuwa akitazama kidole cha Ozella bila kupepesa.

Watu walipopumzika, Cleophus aliweka kando kinanda chake cha mdomo, akafuta jasho. "Sasa tupigie ule wa reli."

"Upi?"

"Wa reli, dada! Wimbo wako. Tumeupiga hapa mpaka mbu wanaujua."

Ozella akafungua mdomo. Hapakuwa na kitu. Si maneno, si sauti, hata mahali pa kuanzia.

"Acha mzaha," alisema Cleophus, lakini kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. "Ozella? Acha mzaha bwana."

Kila siku aliyopiga na ile shingo, jini lilimpa wimbo mmoja wake na kula mmoja wa Ozella. Ulikwenda wa mafuriko, ukaenda wa mume aliyekwenda Chicago na viatu vyake vipya. Aliitupa ile shingo mtoni akiwa mkavu, akarudi nyumbani, akaikuta kidoleni ikiwa imelowa. Akabakiwa na wimbo mmoja ambao hakuupiga na kioo kile hata mara moja, wimbo alioutunga siku ya kumzika mama yake, na huo aliukumbatia rohoni kama mtu anayekinga mshumaa kwenye upepo.

Jioni moja mvua ilikuwa ikipiga bati, Shangazi yuko jikoni, na Ozella amekaa kitandani huku mkono wake wa kushoto ameufunga kwa kitambaa kwenye chuma cha kitanda ili usitembee, na bado kidole cha mwisho kilikuwa kikijikunja na kujikunjua polepole, na harufu ya tope ikapanda kutoka sakafuni mpaka akaionja ulimini, na mle ndani ya kioo, karibu kabisa na mfupa wake, sauti ya mwanamume aliyekaa kimya miaka mingi ikaanza kuzungumza kwa upole, kama mgeni anayejua kwamba chakula kiko mezani.

"Umebaki mmoja, Ozella."

"Huo huupati."

"Sifa zimefika Memphis, wanakusubiri na mtambo wa kunasa sauti. Wanamtaka nani? Wewe au mimi?"

Ozella aliuvuta mkono mpaka chuma cha kitanda kikagonga ukuta. "Mimi nilipiga kabla yako," alinong'ona.

"Ulipiga. Nani alilia?"

Neno hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Akaita, "Shangazi! Njoo! Ni chupa yako. Niliiba mimi."

Shangazi Verbena akaja na taa. Alikitazama kidole, akatazama kile kitambaa, na badala ya huruma akatoa matusi ambayo siwezi kuyaandika. Kisha akakaa.

"Najua tangu Jumamosi, nilikuwa nangoja useme. Maji umeyavulia nguo, sasa yaoge. Iko njia moja ya haraka. Vunja gita, usipige tena maisha yako yote. Atakufa njaa."

"Na mimi je?"

"Utaokota pamba kama wenzako."

"Shangazi, afadhali anile mzima."

Mzee yule akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza. "Basi sikiliza. Alikuja kwa wizi, ataondoka kwa wizi. Ukimgawa bure, anarudi. Ukimuuza, anarudi. Na mwizi atakayemchukua umkataze kwanza kwa kinywa chako, kweli kweli, kama mimi nilivyokukataza tangu ukiwa mtoto. Asiposikia, ni wake."

"Nitampata wapi mwizi wa hivyo, anayekatazwa usoni na bado anachukua?"

Shangazi akatema ugoro kwenye kopo. "Mwanangu, si uko kwenye kazi ya muziki?"

Memphis walikwenda kwa lori la Cleophus. Studio ilikuwa ukumbi mdogo na chumba kimoja chenye kuta zilizogongomewa magunia, na mwenye studio, Mzungu mnene mwenye sigara, alimwelekeza Ozella mlango wa nyuma. Ndani alimkuta Dewey Hargett ameketi juu ya spika, anachana nywele. Naye alikuja kurekodi.

Ozella akavaa kioo ajaribu sauti. Akapiga kidogo tu, na ule wimbo wa jini ukajaza chumba, mwenye studio akasahau sigara mdomoni. Dewey akaacha kuchana.

"Shangazi, huo wimbo umetoka wapi?"

"Mimi si shangazi yako. Nimekuzidi miaka minane tu, kama imefika."

"Basi, basi. Umetoka wapi?"

Mkono wa Ozella ulikuwa wa barafu, na sauti ikamwambia mfupani, *sasa ule wa mama, hapa, waunase, kisha tutakuwa mtu mmoja*. Vidole vyake vikaanza kuelekea kwenye nyaya za wimbo ule bila yeye kuvituma. Akakivuta kioo kwa meno. Kilitoka na ngozi. Akakiweka juu ya spika, kikatulia pale, buluu, kikitoa mvuke kama pumzi.

"Kijana, nakuambia mbele ya shahidi," alisema, na Cleophus akavua kofia. "Usikiguse hiki. Ndani yake mna mtu, na ni mla watu. Sikutanii wala sikunyimi. Wimbo ule si wangu. Atakayeushika atashikwa. Umenisikia?"

Dewey alitabasamu. "Nimesikia. Nyie watu na hadithi zenu!"

"Rudia nilivyosema."

"Nisikiguse."

"Vizuri. Mama yako ana mtoto mwingine? Kama hana, mwonee huruma."

Alisema kutoka moyoni. Mimi naapa alisema kutoka moyoni, maana kijana alikuwa na chunusi bado. Halafu Ozella akataka choo, na choo cha pale hakikuwa cha watu weusi. Mtu mweusi alipaswa kutembea mitaa miwili mpaka kwenye kanisa letu. Akaenda, damu ikimchuruzika kidoleni. Huo ndio muda ambao sheria za mji ule zilimpa mwizi.

Aliporudi mlango ulikuwa umefungwa, taa nyekundu ya kunasa sauti imewaka. Kupitia mbao alilisikia gita likilia kwa sauti ya binadamu, na juu yake sauti changa ya Dewey ikiimba maneno yote, neno kwa neno, hata yale ambayo Ozella hakuyaimba mbele yake. Cleophus alikuwa ameketi ukumbini, uso umekuwa kama majivu.

"Nilimwambia tena, dada. Nilimshika mkono kabisa. Akanisukuma."

"Sikio la kufa halisikii dawa," alisema Ozella. Kisha akajitazama mkono. Ulikuwa wa moto, mzito, wake. Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, akavifanya vyote viwili pale sakafuni bila haya.

Alipoingia zamu yake, aliazima kisu cha mezani, akakishika baina ya vidole na kukitelezesha juu ya nyaya, kama walivyofanya wazee wake kabla ya chupa. Akapiga wimbo wa mama yake. Kisu kilikwaruza, mahali fulani alikosea. Mwenye studio alizima mtambo. "Hapo hakuna kitu. Ule wa yule kijana ndio wimbo."

"Ndio wimbo wake kabisa," alisema Ozella. "Mwachie."

Mwaka ule Dewey Hargett alisikika kila redio. Magazeti yalimwonyesha akiwa na gari la waridi, na mkono wa kushoto siku zote ndani ya glovu. Watu wetu walikasirika. Walimwambia Ozella, mtoto yule amekuibia maisha. Yeye aliwajibu kwamba wampelekee sala, siyo kesi.

Kisha Jumamosi moja, jua bado halijazama, kilabu cha Cleophus kimeanza kujaa, mtu alitia sarafu kwenye mashine ya santuri na wimbo ule ukaanza. Katikati, mahali ambapo gita hubaki peke yake, harufu ya mafuta ya taa na tope ikatanda kutoka kwenye mashine, sahani zikaachwa, mama mmoja akamfunika mtoto uso, na chini ya gita, chini ya ngoma, chini hata ya mkwaruzo wa sindano, ikaja sauti ya upole ambayo kila aliyekuwa ndani aliisikia, na kila mmoja akadhani ametajiwa jina lake mpaka lilipotajwa lenyewe.

"Ozella. Huyu ameisha. Hakuwa na wimbo hata mmoja wake, nimemla nikabaki na njaa."

Cleophus akachomoa waya wa umeme ukutani. Santuri iliendelea kuzunguka.

"Sema tu njoo," ikasema sauti. "Nitakurudishia zote. Wa reli. Wa mafuriko. Ninazo hapa, nzima, hakuna neno lililopungua. Usikie."

Na ikaanza kuupiga ule wa reli. Ozella aliutambua jinsi mtu anavyotambua mtoto wake gizani, akausikia ukimpita bila kuingia, na machozi yakamtoka mbele ya wote. Aliutaka. Msidanganyike na wanaosema hakuutaka. Alipiga hatua kuelekea kwenye mashine, akanyoosha mkono wenye kovu, na Cleophus akasema kwa sauti ya chini, "Dada, tafadhali."

Ozella akakigonga kioo cha mashine kwa kifundo cha kidole, kama anayebisha hodi.

"Kula ushibe," alisema. "Mimi napika nyingine."

Akapanda jukwaani, akalishika gita, akakaza waya mmoja. Mashine ikapaza sauti. Naye akapiga kwa nguvu zaidi, kisu kikikwaruza, mguu ukigonga mbao, mpaka mtu wa kwanza akainuka kucheza, kisha wa pili. Cleophus akakimbilia kinanda chake cha mdomo.

"Wimbo gani huu?" akapiga kelele.

"Hata mimi sijaujua. Wewe nifuate!"