Mawe ya Mto wa Kwao

Walikuwapo wanne katika chumba cha nyuma cha karakana ya matairi. Kipara, mwenye karakana na mwenye mpango. Shemeji yake, mlinzi wa ofisi ya madini. Dereva wa ofisi hiyo hiyo. Na Jicho, aliyepata jina hilo kwa kuchambua almasi ghafi kabla hajaachishwa kazi.

"Saa tano sanduku linakwenda uwanja wa ndege," Kipara alisema. "Lina almasi safi, lakiri ya kulifunga, na cheti kinachoapa kwamba hazikuchimbwa na wenye bunduki. Gari linapata pancha mlangoni pangu. Jicho anatoa zile, anatia zangu, anafunga upya. Zangu zinapita kwa cheti cha wenzao."

"Zako zinatoka wapi?" Jicho aliuliza.

"Kula yai, achana na kuku."

Wakacheka. Jicho naye akacheka, maana tangu vita vimtoe kwao, hao tu ndio waliomwita ndugu. Chumbani kwake kulikuwa na kikombe kimoja.

Saa tano na robo. Pancha.

Kipara aligongagonga gurudumu. Shemeji aliipigia ofisi simu, akailaani barabara. Ndani ya gari, nyuma, milango imefungwa, Jicho alikuwa peke yake. Alikata lakiri, akamimina almasi safi juu ya kitambaa, kisha akafungua kifuko cha Kipara.

Akainua jiwe moja karibu na jicho.

Mawe yalikuwa na ngozi nyembamba ya kijani. Aliyajua tangu utotoni, mtoni kwao, kabla wenye bunduki hawajauteka mto na kuwaswaga watu majini kuchimba. Dada yake alibaki huko. Habari za mwisho zilisema yu hai, anachekecha mchanga chini ya mtutu. Kila jiwe lililouzwa lilinunua risasi za kumweka pale pale.

"Ndugu yangu, umelala?" Kipara aliita. "Fanya hima, leo tunakula wote!"

Ndugu. Neno lilimchoma. Nje walimngoja watatu. Mtoni alikuwako mmoja, asiyejua kama bado anakumbukwa.

Lakiri ya akiba, aliyoiiba shemeji ofisini, ilikuwa moja tu. Jicho alirudisha zile safi sandukuni, akaibana lakiri.

Shemeji alifungua milango, akaikagua lakiri. "Fundi ni fundi!"

Jicho alishuka na kifuko mkononi. Kipara akanyoosha kiganja.

"Lete zile safi."

"Safi zimo sandukuni."

"Unasema nini, ndugu?"

"Hizi ni zako. Zinatoka mtoni kwetu. Dada yangu ndiye anayezichimba."

Dereva aliingia garini. Mkono wa Kipara ulishuka taratibu kwenye spana. Wateja wawili barabarani waligeuka kutazama.

"Utabaki peke yako, Jicho," Kipara alinong'ona. "Hata wa kukuzika hutampata."

"Najua." Jicho alikishika kifuko kifuani. "Nakwenda kwa wakaguzi wa madini kwa miguu. Anayetaka kukimbia, akimbie sasa. Nitataja majina manne, la kwanza langu."