Sijui Lolote

Lifti ya jengo lile ilikuwa na maringo. Ikiona watu wamejazana asubuhi, na tai zao na viatu vya kung'aa, ndipo inagoma kufunga mlango. Msichana mwenye gauni la buluu na kidani cha shanga nyekundu aliingia wa mwisho, akamkanyaga kijana mmoja vidole.

"Samahani, kaka."

"Usijali, dada. Ninao mguu mwingine."

Kumbe wote walikuwa wanakwenda chumba kimoja, kwenye mafunzo ya uwekezaji, vijana wanakofundishwa kupima thamani ya kampuni kabla haijanunuliwa au kuuzwa. Kufikia mchana kijana alikwisha kumbandika jina la Kidani. Naye, kwa kuwa kijana hakukosa hukumu kwa jambo lolote, akamwita Hakimu, na darasa zima likaitikia.

Penzi likakolea juu ya vitabu. Kwenye mahesabu Kidani alikuwa moto wa kuotea mbali, ila somo la maadili lilimtoa jasho. Hakimu akawa anampigia simu jioni kumhoji.

"Kampuni unayoishughulikia inauzwa kwa siri. Shangazi yako ana hisa humo, anakuuliza kama kuna habari. Unamjibu nini?"

"Namwambia siwezi kulizungumzia."

"Umeshamwambia, mpenzi. Ukikataa kuzungumza anajua kuna kitu. Sauti iwe ya kawaida, useme sijui lolote."

"Hata kwa shangazi?"

"Hata kwangu, roho yangu."

"Wewe nitakuambia kabla hujauliza."

Walicheka mpaka salio la simu likawakatikia.

Wakafaulu wote wawili. Hakimu akapata kazi kwenye mfuko wa pensheni, Kidani kwenye ofisi ya washauri wa fedha, na maneno ya ndoa yakaanza. Mama yake Hakimu, mjane aliyemsomesha mwanawe kwa kushona ngozi kiwandani, kwenye kiwanda cha viatu, alimpenda Kidani hadi Hakimu akaona wivu.

Asubuhi moja Kidani aliwekwa kwenye kazi mpya. Alisaini kiapo cha siri kwanza, kama ilivyo desturi, ndipo akaambiwa kinachouzwa. Ni kile kiwanda cha viatu. Mnunuzi alitaka jina na maduka tu, mashine zingezimwa. Alimweleza mkuu wake kwamba mama mkwe wake mtarajiwa anafanya kazi pale, akaondolewa kwenye kazi ile siku hiyo hiyo. Lakini alichokisikia hakikuondolewa, na kiapo kilibaki palepale.

Wiki hiyo hiyo Hakimu akampigia.

"Kidani wangu, kuna karakana ya mikoba inamtaka mama. Nafasi ni moja, na wanataka jibu leo. Mama hataki kuwaacha wenzake. Wewe unayekaa na wakubwa, umesikia lolote kuhusu kiwanda?"

Kidani aliegemea ukuta wa korido. Akisema hawezi kulizungumzia, amesema yote. Na mfuko anaoufanyia kazi Hakimu ulikuwa na hisa za kiwanda kile, kwa hiyo siri hiyo ikivuja ingewafikisha wote wawili mahakamani.

"Sijui lolote," akasema, kwa sauti ya kawaida.

"Basi abaki. Nikishasikia kwako, moyo wangu unatulia."

Kiwanda kilipofungwa, magazeti yalitaja ofisi ya Kidani kuwa ndiyo iliyosimamia mauzo, na karakana ilikuwa imeshampata mtu. Hakimu alikuja kumngoja Kidani nje ya ofisi ya washauri, shati halijapigwa pasi, yeye ambaye hata kola ikikunjika alirudi nyumbani.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Na jibu lenyewe nilikufundisha mimi. Nililisikia kabisa, Kidani, nikaliamini kama mtu asiyesoma."

"Nisamehe, mpenzi."

"Nikusamehe nini? Ningekuwa wewe ningejibu vilevile." Alifuta macho kwa kiganja bila kujificha. "Ila tangu kiwanda kifungwe, kila unachoniambia nakisikiliza mara mbili. Hata ukisema unanipenda."

Kidani alilia njia nzima hadi nyumbani kwa mama yake Hakimu. Alimkuta anaweka mkasi na sindano zake kwenye kopo la maziwa.

"Karibu, mwanangu. Huyu mwenzio siku hizi hali, hasemi. Mnagombana?"

Hakimu hakuwa amemwambia. Kidani aliona njia ya kupita, nyepesi kabisa, na mama mwenyewe alikuwa ameshaanza kumsogezea kiti.

"Mama, siku ya karakana nilijua kiwanda kinafungwa. Nikasema sijui."

Mama aliokota kifuniko. Akafunika kopo, akalifunua, akalifunika tena.

"Ulikatazwa?"

"Nilikatazwa."

"Na ungesema, kazi yako ingekwenda."

"Ndiyo, mama."

"Sikuchukii," mama akasema. "Mimi pia ningeogopa. Lakini nenda sasa, mwanangu, kabla mwenzio hajarudi. Akikukuta hapa atakuoa, na mtaumizana maisha yenu yote."

Alimsindikiza hadi mlangoni, akamkumbatia kwa muda mrefu, kisha akafunga mlango taratibu ili usipige kelele.