Dakika Kumi na Mbili

Kila Jumatano baada ya masomo, klabu yetu ya mazingira hukutana nyuma ya maktaba ya shule, hapa Elerai. Tunamwagilia miche, kisha Mwalimu Ebenezer anatugawia kazi. Jumatano moja alitutangazia safari ya kupanda miteremko ya Mlima Meru hadi mahali pa kuitazama kreta, lile shimo kubwa la volkano. Mimi, Zamda, nikapewa kazi ya jiko.

"Kule msituni kuni haziruhusiwi," alisema. "Tutapikia spiriti. Stoo kuna majiko mawili madogo na sufuria mbili. Yajaribu nyumbani, mtu mzima akiwepo, uchague jiko na sufuria ya kubeba. Pima nusu kikombe cha spiriti, chemsha maji, uniandikie dakika."

Aliyefurahi kuliko wote ni rafiki yangu Anande. Baba yake alikuwa amehamishiwa kazi Songea, na familia ingeondoka siku moja tu baada ya safari yetu. Anande amezaliwa Meru, lakini kreta hajawahi kuiona.

Nyumbani niliyapanga majiko barazani. Moja lilikuwa fupi, limepauka, limezungushiwa bati la kukinga upepo. La pili lilikuwa refu, la shaba, linang'aa. Nikachagua la shaba, bila shaka. Sufuria ndogo yenye mfuniko niliiona kichekesho. Bibi yangu hapiki kwenye sufuria ndogo hata siku moja. "Mgeni akibisha hodi, ale mwiko?" husema. Watu saba tukipikiwa kwenye kisufuria kile, si watasema kwetu kuna uchoyo? Nikachukua kubwa, ambayo haikuwa hata na mfuniko.

Bibi aliniita mara mbili. "Zamda, jiko unalijaribu lini nikusimamie?"

"Baadaye, Bibi," nilijibu. Nilikuwa natazama tamthilia. Asubuhi nikaandika kwenye karatasi ya kumpa Mwalimu: dakika kumi na mbili. Sijui hata niliitoa wapi hiyo kumi na mbili.

Jumamosi tulitembea kwa muda wa saa mbili kwenye ukungu na baridi. Mwalimu aliwasha jiko la shaba, upepo ukautupa moto huku na huku. Maji yalitoa vipovu pembeni, basi. Spiriti ikaisha. Mwalimu akasubiri jiko lipoe kabisa, akaongeza. Ikaisha tena, na chupa ikabaki tupu. Mchele ulikuwa bado mgumu, na mvua ikaanza.

"Hatuwezi kupanda zaidi na njaa na baridi hii," Mwalimu alisema. Akatoa karatasi yangu mfukoni, akaisoma. "Zamda ameandika dakika kumi na mbili. Basi mimi ndiye niliyebeba spiriti kidogo. Nisameheni, wanangu."

Nikaanza kukusanya vyombo, wala sikusema kwamba jiko sikulijaribu. Anande aliitazama njia ya juu, iliyobaki kama nusu saa tu. Kisha akageuka, akashuka nasi bila kulalamika. Afadhali angenigombeza.

Jumatatu nilimfuata Mwalimu ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Zamda."

Nikamweleza yote. Akatoa majiko nje tukayajaribu. Jiko fupi na sufuria ndogo iliyofunikwa lilichemsha maji kwa dakika tisa. La shaba na sufuria kubwa liliishiwa spiriti maji yakiwa vuguvugu.

"Sufuria ndogo tunapikia mara mbili," alisema. "Mgeni hanyimwi, anasubiri kidogo."

Kisha tukarudi ofisini, akampigia simu baba yake Anande, akanipa niongee na rafiki yangu. Nikamwambia ukweli.

"Mbona hukuniambia?" Anande aliuliza. "Ningekuja tujaribu wote." Kisha akasema, "Nimekusamehe, Zamda. Ila nilitaka sana kuiona."

Nililia palepale ofisini, sikujali nani ananiona.

Mwezi uliofuata klabu ilirudi mlimani na jiko fupi. Wali uliiva, tukashiba, tukafika. Kreta ilikuwa wazi kabisa, wenzangu wakawa wanapigana picha. Mimi nilikaa pembeni. Mwalimu akaja akaketi karibu nami.

"Jiko tumelibadilisha," alisema. "Sufuria pia. Siku ya Anande hatuwezi kuirudisha. Kuchagua vibaya si kosa kubwa, kila mtu huchagua vibaya. Ila kazi usipoifanya, sema hujaifanya. Sema mapema, wakati bado inaweza kufanywa."

"Ndiyo, Mwalimu," nilijibu.