Kadi Ilikuwa Nzima

Haya hayakutokea mbali. Yalitokea Katandala, hapa Sumbawanga mjini, uchochoro mmoja na kwetu, mchana kweupe, watu wakianika mahindi. Nayasema mapema kwa sababu wapo wanaoamini kwamba mambo ya namna hii hayawezi kwenda bila giza na bundi.

Mzee Baltazari alikuwa mtumishi wa shirika moja la umma lililonunua mahindi ya Wafipa kwa bei iliyopangwa na watu wasiolima. Ulipofika wakati wa kila kitu kuuzwa, shirika nalo likauzwa, pamoja na magari, maghala na saa ya ukutani. Baltazari peke yake ndiye aliyekosa mnunuzi, akarudi nyumbani.

Kompyuta aliipata kwenye mnada wa ofisi moja ya serikali. Ilikuwa imefungiwa stoo tangu wafadhili walipoileta, maana aliyefundishwa kuiwasha alihamishwa, na aliyehamia hakuwa na kibali cha kuiwasha. Hatimaye ikauzwa kama chakavu, nailoni zake hazijachanika. Baltazari akaiweka sebuleni, na binti yake Herieth, mtoto pekee aliyebaki kati ya wote waliozaliwa nyumba ile, akawa mpiga chapa. Alichapa kadi za harusi, katiba za vikundi vya akina mama, na barua za kuomba kazi ambazo hazikuwapo. Nyumba ikachangamka.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Otilia, mama yake Herieth, alikuwa mlangoni anachambua maharage. Baltazari alikuwa anasoma gazeti la juma lililopita, ambalo kwa Sumbawanga ya wakati ule ndilo lilikuwa gazeti la leo.

"Baba," Herieth aliita, "kioo kinachora mistari."

Ilikuwa mistari myembamba, ya wima, kijani na zambarau, kama mkeka uliosimamishwa. Kwa mbali ndani ya mistari ile palikuwa na alama nyeusi, ndogo kama nzi. Herieth alijaribu kuifukuza kwa kidole. Haikuruka.

Akaitwa Zubery, fundi redio wa mjini, ambaye karibuni alikuwa ameongeza maneno "na kompyuta" kwenye kibao cha duka lake kwa rangi isiyofanana na ya mwanzo. Akaamkia, akafungua sipiyu, akaonyesha kipande bapa chenye feni ndogo. Alieleza kwamba hiyo ndiyo kadi ya picha: inachora kila kinachoonekana na kukipeleka kwenye kioo kwa waya. Haihifadhi kitu. Kazi yake ni kuchora tu, na ikichoka, picha huweweseka.

"Lakini mimi sikisii, mzee," alisema. "Nabadilisha kimoja kimoja. Ugonjwa ukihama pamoja na kitu, hicho ndicho kibovu."

Akaleta kioo kingine. Herieth akakaa, mistari ikaja. Akabadilisha waya. Mistari. Akachomoa kadi, akaisugua meno kwa ufutio wa mwanafunzi, akapuliza vumbi, akairudisha na kukaa mwenyewe kuijaribu. Kioo kikawa safi kama maji ya kisima. Wakanywa chai kwa furaha. Herieth akarudi kwenye kigoda chake.

Mistari.

Zubery akaweka kadi nyingine kabisa, akaichukua ile ya kwanza akaenda kuijaribu dukani kwake. Kesho yake alirudi akikuna kichwa. Kadi ilikuwa imefanya kazi mchana kutwa bila doa, wakati ile aliyoiacha kwa Baltazari, mpya ya kutoka kwenye boksi, ilikuwa inachora mistari tangu Herieth alipoamka. Akarudisha ya zamani, akasema hajui tena abadilishe nini.

Baltazari ndiye aliyegundua, na heri asingegundua. Zubery akikaa, kioo safi. Yeye akikaa, safi. Otilia, ambaye hakuwahi kuigusa mashine ile, akakalishwa kwa nguvu na mikono yake ina unga. Safi.

"Herieth, njoo ukae."

Mistari.

"Nyanyuka."

Ikaondoka.

"Kaa."

Mwanzoni Herieth alicheka. Alipokaa mara ya nne hakucheka, kwa sababu ile alama nyeusi haikuwa nzi tena. Ilikuwa na miguu.

Zubery alifunga mfuko wake wa bisibisi taratibu. "Kadi ni nzima, mzee," alisema kwa sauti ya chini, na hakutaka hata nauli.

Tangu siku hiyo Herieth alikatazwa kuikaribia kompyuta. Akaenda kupoteza muda kwa Bi Hamida, jirani mwenye televisheni. Mistari ikaja kwenye televisheni, katikati ya taarifa ya habari, na ndani yake mtu mweusi, mdogo, anatembea kuja mbele. Bi Hamida ni mwanamke wa adabu. Alimsindikiza binti hadi mlangoni, akamwambia amsalimie mama yake, na asubuhi akarudisha sufuria ya Otilia aliyokuwa ameiazima tangu mfungo.

Herieth akaanza kupungua. Hakuwa na homa, hakukohoa. Hospitali walimpima kila kinachopimika, wakamwandikia vidonge vya minyoo. Gauni zikamning'inia. Mikono ikawa baridi hata akiiweka juu ya jiko. Baada ya siku kadhaa, Baltazari alimkalisha tena mbele ya kioo, mara moja tu, ajue. Mtu yule alikuwa amefika ukubwa wa kiganja. Hakuwa na sura. Alikuwa anatembea bila haraka, kama mtu anayeijua njia. Kumbe kutomtazama hakukumzuia, kulikuwa kunawafanya wasijue amefika wapi tu.

"Baba," Herieth alinong'ona, "nikikaa hapa nasikia mtu anahema mbele yangu."

Otilia hakungoja tena. Alifunga safari kwenda kwa mganga mmoja mwanamke, kule nchi inakokatika kushuka bonde la Rukwa. Aliporudi alisimulia jinsi yule mama alivyouliza: je, ni nyumba? Siyo. Ni upande wa baba? Siyo. Ni upande wa mama? Ni shamba? Ni mahari? Baltazari alicheka, kicheko kifupi, cha mwisho watu kukisikia. Huyo naye, alisema, anabadilisha kimoja kimoja.

Lakini jibu halikuwa la kuchekesha. Anayekuja ametumwa kwa binti, si kwa mashine, mganga alisema. Mashine imewaonyesha tu, mshukuruni fundi. Aliyemtuma alishakufa zamani, kwa hiyo hakuna wa kupigiwa magoti. Mjumbe hana habari kwamba bosi wake hayupo. Kila ofisi ina waraka wa namna hiyo, aliyeusaini yuko kaburini na bado unakata watu mishahara.

Dawa? Anyolewe kipara, kwa sababu mjumbe hamjui kwa sura, anamfuata kwa alama ya mwili wake. Nywele zitupwe kwenye maji yanayokimbia, na binti aondolewe Katandala.

"Na asipomkuta?" Otilia alikuwa ameuliza.

"Atauliza nyumba hadi nyumba," mganga alisema. "Ana muda."

Herieth akanyolewa sebuleni. Misuko yake yote ikafungwa kwenye kitambaa, Baltazari akapewa akaitupe mtoni. Alitoka nayo. Alifika mtoni. Alisimama pale hadi wafua nguo wakaanza kumtazama.

Lazima ijulikane kwamba kazi ya Baltazari shirikani, miaka yote ile, ilikuwa kupeleka wito. Alizunguka vijiji vya Ufipa kwa baiskeli akiwatafuta wadaiwa wa mbolea ya mkopo ya shirika. Alijua jambo moja ambalo mganga hakulijua. Mjumbe asiyemkuta mwenyewe hurudi, na hurudi, na hurudi. Lakini mjumbe hamtaki mtu, anataka sahihi. Mara ngapi alimkosa mdaiwa akasainiwa na kaka, na jirani, na mara moja na mpita njia aliyekuwa na haraka? Ofisi haikuwahi kuuliza. Wito uliosainiwa ni wito uliokwisha.

Akarudi nyumbani na kitambaa kibindoni.

Akawasha kompyuta peke yake. Alijifunga kitenge cha Herieth. Safi. Alikalia kigoda chake. Safi. Akafumbata misuko mkononi.

Mistari.

Na mtu yule alikuwa ameenea kioo kizima, kuanzia kiunoni kwenda juu.

Asubuhi iliyofuata aliwasindikiza Otilia na Herieth stendi, waende Namanyere kwa shangazi Redempta. Herieth alijitanda khanga kuficha kichwa. Baltazari alipomnyanyua kumpandisha ngazi ya basi, alimwona mwepesi kama alivyokuwa siku ya komunyo ya kwanza.

"Baba, unakuja lini?"

"Kuna kazi ndogo imebaki. Nikiimaliza."

Alisubiri basi likapotea. Hakupunga mkono, maana mkono ulikuwa umefumbata kitambaa.

Alipofika nyumbani mvua ilikuwa imeanza, ile ya barafu inayopiga bati hadi mtu asisikie mawazo yake. Akafunga mlango kwa komeo. Akakaa kwenye kigoda. Akabonyeza swichi. Taa ya sipiyu ikawaka, kioo kikaja, na mistari ikaja.

Hapo ndipo alipoona gazeti mezani. Juu ya gazeti ilikuwapo kadi ya picha, imelazwa vizuri, meno yake yaking'aa. Zubery alikuwa amepita wakati wao wako stendi, akaukuta mlango umerudishwa tu, akaichomoa ili kesho ailete nyingine. Aliwaonea huruma tu. Baltazari aliinama akachungulia ubavu wa sipiyu uliokuwa wazi. Nafasi ya kadi ilikuwa tupu. Hakuna kilichokuwa kinachora.

Akainua macho. Kioo kilikuwa kinachora.

Radi ikapiga upande wa kanisani. Umeme ukakatika, na barafu batini ikageuka manyunyu. Balbu ikazimika. Feni ya sipiyu ikazunguka, ikachoka, ikasimama.

Kioo kikabaki.

Mistari ikaanza kufunguka, mmoja kulia, mmoja kushoto, kama mtu anayepita kwenye mahindi marefu. Alikuwa karibu mno sasa. Hakukuwa na uso, palikuwa na mahali pa uso. Pumzi ilisikika. Haikuwa ya Baltazari. Yake alikuwa ameibana.

Alitaka kukimbia. Hili lazima lisemwe, kwa sababu baadaye watu walimfanya jasiri. Miguu ilishanyanyuka. Akakumbuka uzito wa mtoto kwenye ngazi ya basi. Akakaa.

Bi Hamida, aliyekuwa upande wa pili wa ukuta anakinga maji, ndiye aliyesikia yaliyobaki. Anasema hakusikia ukelele wala vurugu. Alisikia kioo kinagongwa, taratibu, kwa adabu. Kisha akasikia Baltazari akijibu kwa ile sauti yake ya ofisini.

"Ndiyo. Ni mimi."

Ndoo ya Bi Hamida ikafurika.

"Nisaini wapi?"

Mlango ulivunjwa jioni. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani, madirisha yana nondo. Hakukuwa na mtu. Askari waliokuja waliandika kwamba mzee ameondoka kwa hiari yake, na mkubwa wao akaongeza kwa mdomo kwamba wastaafu wengi huonekana baadaye Kipili, kule ziwani, kwa wanawake wa huko. Walipoulizwa mtu anaondokaje akaacha komeo ndani, walijibu kwamba hilo linachunguzwa. Bado linachunguzwa.

Mchana uleule, kule Namanyere, Herieth alikuwa ameomba ugali. Alikula samaki, migebuka miwili, akalamba vidole, akaomba tena. Shangazi Redempta alilia kwa furaha. Mikono ya binti ilikuwa ya moto kama ya mtu aliyetoka shamba.

Alirudi Katandala mwezi wa saba, nywele zimeanza kuota, upepo wa baridi unachana midomo. Kompyuta ilikuwa palepale, haijawashwa na mtu tangu siku ile. Akachukua tambara kupangusa vumbi la kioo. Chini ya vumbi ilitokeza alama ya kiganja, kipana, vidole vimetawanyika. Akapangusa. Akamwagia maji ya sabuni. Akasugua hadi Otilia akamshika mkono.

Zubery aliitwa. Alikitazama kioo kwa tochi, kutoka ubavuni, muda mrefu. Alisema alama haiko nje, iko ndani. Alisema ndani ya kioo cha namna ile hapana kitu, hata hewa. Hunyonywa yote kiwandani, na kikizibwa hata unywele haupiti. Akaomba wasikivunje. Wala wasikiwashe. Kisha akaondoka, na njia ya Katandala akaiacha.

Herieth alingoja mama yake aende jikoni. Akaweka kiganja chake juu ya kile kingine.

"Shikamoo, Baba," alinong'ona.

Kioo kilikuwa baridi kote, isipokuwa pale. Alipoondoa mkono, aliona kati ya vidole matone madogo yakiteremka polepole.

Alipitisha kidole juu ya matone hayo. Kidole kilibaki kikavu.