Sauti ya Kuazima

Soko la mbuzi la Nizwa, Oman, Ijumaa asubuhi, halina adabu. Mbuzi wanazungushwa duarani, madalali wanapayuka, wanunuzi wanafunua meno ya wanyama, na wa kukanyagwa hukanyagwa. Katikati ya vumbi hilo alisimama Bi Hajar, kanga ya maua mekundu juu ya abaya. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili, lakini mbuzi wa Idi hakubali achaguliwe na mtu mwengine. Yeye humpapasa mgongo tu, akajua.

Siku hiyo alipapasa, akakunja uso.

"Ibtihal! Huyu amekonda, mifupa mitupu. Tena kavaa nguo!"

Kumbe alikuwa ameshika mgongo wa kijana aliyeinama kufunga kamba ya beberu wake.

"Shikamoo, bibi," kijana akasema. "Mimi si mbuzi. Ila kukonda nimekonda kweli, sina wa kunipikia."

"Marahaba, mwanangu! Kiswahili hicho cha kizee umekipata wapi?"

"Bibi yangu wa Wete, Pemba, ndiye aliyenilea. Naitwa Adil, nakaa Ibra."

Ibtihal, mjukuu wa Bi Hajar, mwalimu wa sayansi, alicheka mpaka wanja ukamchuruzika. Abaya yake ya kijivu ilinukia udi hata mle katika mavi ya mbuzi. Adil alimtazama, akasahau kamba. Beberu hakusahau, alikwenda zake. Walimfukuza wote wawili, na alipokamatwa, nambari za simu zilikuwa zimeshabadilishana mikono.

Toka hapo Ibra na Nizwa zikawa chumba na ukumbi.

"Mbuzi wangu, umekula?"

"Nimekula mkate wa jana."

"Maskini! Mimi nimepika mchuzi wa papa."

"Unanitesa, roho yangu."

Alasiri moja Ibtihal alipiga simu akilia.

"Daktari anasema macho ya Bibi yamepanda presha. Asipofanyiwa operesheni mwezi huu, hataona tena abadan. Na yeye hataki."

"Anataka nini?"

"Ruhusa ya kaka yake mkubwa, Marhoun, wa Pemba. Ndiye aliyemlea. Kaapa kisu hakimgusi jicho mpaka Kaka Marhoun aseme."

"Basi mpigieni simu."

"Amekufa, Adil. Mwezi wa tatu huu tangu azikwe. Tumemficha Bibi kwa sababu ya moyo wake. Kila siku tunamwambia simu za Pemba mbovu."

"La ilaha illa Allah."

"Kiswahili changu mimi ni chai bila majani, lakini chako cha kale. Mpigie wewe. Uwe Kaka Marhoun."

"Nimdanganye bibi wa watu kwa jina la maiti?"

"Ataona, habibi. Wallahi sitaki lengine. Mtu akishafika, nani humuuliza kapita njia gani?"

Mapenzi yana kazi zake. Adil alijifungia ndani ya gari, akaweka leso mdomoni, akakohoa kizee mara tatu, akapiga.

"Shikamoo, Hajar mdogo wangu!"

Tasbihi ikasimama mkononi mwa Bi Hajar.

"Marahaba," akasema taratibu. "Hujambo, kaka?"

"Sijambo, ila kifua. Nasikia unaogopa kisu kama mtoto mdogo. Nenda hospitali, Hajar. Nataka uone."

"Unataka nione?"

"Nataka sana."

"Basi nitakwenda."

Operesheni ikatoka vizuri. Siku mbili zile za bandeji, machozi yalimtoka Bi Hajar hata pamba zikarowa. "Dawa inachoma," akasema, na kila mtu akaamini.

Lakini uongo ukishakufaa mara moja, hukaa kitako ukangoja chai. Ibtihal akapiga tena.

"Habibi, mara moja tu. Kaka Marhoun amwambie Bibi kuwa yuko kijana wa Ibra, jina lake Adil, ananifaa."

"Nijipose mwenyewe kwa mdomo wa maiti?"

"Mara ya kwanza uliweza!"

"Ile ilikuwa kwa macho yake. Hii ni kwa raha yetu. Na nikisoma Fatiha namuona yule mzee anataka sauti yake. Nitakuja nimwambie kweli."

"Na moyo wake ule? Umuue? Hunipendi wewe! Unapenda roho yako iwe nyeupe. Khalas!"

Wiki tatu hawakusemezana. Ibtihal aliizika simu ndani ya pipa la mchele asiione, kisha akawa anakwenda kupima mchele mara sita kwa siku, na nyumba ile hupikwa wali mara moja.

Alhamisi Adil akabisha hodi, kanzu ya dishidasha nyeupe pe, halwa mkononi. Ibtihal alipofungua mlango, rangi ilimtoka.

"Usiseme, Adil."

"Nitasema."

Bi Hajar alimtazama kwa macho yake mapya, juu mpaka chini. "Ndiye huyu mbuzi wangu? Mbona mzuri!"

Adil akapiga magoti. "Bibi, ile simu ya Pemba nilipiga mimi. Kaka yako..."

"Amefariki," Bi Hajar akamalizia. "Nilijua siku ile ile."

Ibtihal akakaa chini.

"Maisha yangu yote mimi ndiye niliyekuwa nikimwamkia Kaka Marhoun. Lini mkubwa akampa mdogo wake shikamoo? Mwenye adabu ya kupitiliza namna ile namjua mmoja tu, na nilimpapasa mgongo sokoni. Na Kaka angekuwa hai, msingeazima sauti ya mtu."

"Sasa mbona ulikubali, Bibi?" akauliza Ibtihal.

"Kaka angeniambia maneno yale yale. Na mlivyohangaika, niliona haya kukuharibieni." Kicheko kikamtoka, kisha kikakatika. "Lakini nililia peke yangu chini ya bandeji, nikasingizia dawa. Sote waongo nyumba hii. Sikupata tanga, sikupata mkono wa pole. Mlikotaka kufika kuzuri, wanangu. Naona, alhamdulillah. Njiani ndiko mlikonikanyaga."

Ibtihal akamkumbatia miguu. "Nisamehe, Bibi."

"Nimeshakusamehe. Ila usinifiche tena. Moyo huu umezika wengi kabla hujazaliwa." Akamgeukia Adil. "Kwanza khitma ya kaka yangu. Mengine baadaye."

Khitma ikasomwa Jumatatu, ubani ukafuka, na Adil akasoma kwa sauti yake mwenyewe. Mlangoni Ibtihal akamnong'oneza, "Umefanya vyema kuja, mbuzi wangu."

"Hasira zimekwisha?"

"Zimebaki kidogo. Nakuwekea za ndoa."

Wageni walipotoka, Adil akakaa mbele ya Bi Hajar, babake pembeni yake. Akakohoa, kikohozi cha kijana.

"Shikamoo, bibi. Mimi Adil bin Zakariya, wa Ibra. Nimekuja kwa mdomo wangu."

"Marahaba," akasema Bi Hajar, akamsogezea kahawa. "Hiyo shikamoo sasa umeiweka mahala pake. Haya, endelea."