Barafu ya Mananasi ya Naliaka

Mwaka ulikuwa 2023, na majira yalikuwa ya mvua ndefu. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya Aprili. Katika kituo cha Khayega, karibu na mji wa Kakamega, kila mchana ulianza kwa jua la kuchoma utosi na kumalizika kwa radi na mvua ya kumwaga.

Naliaka, msichana wa miaka kumi na miwili, aliamka mapema kila siku. Alifagia uwanja, akaosha vyombo, akawatupia kuku mahindi, kisha akamsindikiza shangazi yake hadi langoni. Shangazi huyo, Jael, alikuwa fundi wa nguo sokoni, naye Naliaka alimwita Senje, kama Waluhya wanavyomwita dada ya baba. Wazazi wa Naliaka walikuwa wakulima wa mahindi huko Lumakanda. Binti wa pekee wa Senje alipokwenda chuoni, Senje alibaki peke yake nyumbani. Basi watu wazima walishauriana, wakaona vyema Naliaka aje kukaa naye. Naliaka mwenyewe hakuulizwa.

"Maji ya kunywa yamo mtungini, nimeyachemsha," Senje alisema kila asubuhi. "Yale ya madumu ni ya kufulia na kuoshea. Umenisikia?"

"Nimesikia, Senje."

Lango likishafungwa, nyumba ilinyamaza. Ng'ambo ya ua, watoto wa jirani waliruka kamba na kuitana kwa Kiisukha cha haraka, Kiluhya cha wenyeji wa huko. Naliaka, aliyekulia Lumakanda kati ya watu wa lugha nyingi, alishika neno moja na kuachwa na mengine. Siku za mwanzo alisimama uani akingoja aitwe. Hakuitwa. Baadaye akajizoeza kuzungumza na kuku, na alipogundua kwamba alikuwa amewapa kuku wale majina ya marafiki zake wa Lumakanda, aliona haya, akaingia ndani.

Jioni moja alitumwa kununua ndizi kwa Mama Makhanu, mwanamke mnene mwenye sauti nzito aliyeuza matunda pembeni mwa soko. Wana wa Mama Makhanu walikuwa wamehamia mbali, naye alipenda kuzungumza na kila mteja.

"Chukua na nanasi hili, mwanangu," alimwambia. "Limeiva mno, halitafika kesho. Lakini ndani ni asali tupu."

Naliaka alilimenya, akaliponda kwa mwiko, akatia sukari na maji ya mtungini. Alimimina vyote katika sinia pana na kuliweka katika sehemu ya kugandishia ya jokofu la Senje. Kingo zilipoanza kuganda, alizikwangua kwa uma na kuzisukuma katikati. Akarudisha sinia, akangoja, akakwangua tena. Hatimaye alipata barafu laini ya rangi ya manjano, yenye chengachenga zilizoyeyuka ulimini. Aliketi barazani na bakuli lake. Ilikuwa tamu sana, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Hapo ndipo alipowaona Jescah na Shitanda, watoto wa jirani, wakichungulia uani.

"Unakula nini wewe?" Jescah aliuliza.

"Slashi. Ni barafu ya matunda."

"Slashi?" Shitanda akacheka. "Hiyo ya kufyekea nyasi? Basi utakatika ulimi!"

"Njooni muonje," Naliaka akajibu, akawanyooshea bakuli.

Walionja. Shitanda alifumba macho, akashika meno yake kwa sababu ya baridi, akasema, "Dada, mimi nimekatika kabisa. Niongeze." Wote watatu walicheka hadi kuku wakakimbia.

Tangu siku hiyo hakuwa peke yake tena. Kila jioni Mama Makhanu alimpa matunda yaliyoiva mno, na kila mchana watoto walikuja: leo watatu, kesho wenzao wa nyuma ya kanisa. Jescah alianza kumfundisha Kiisukha na kumsuka nywele. Lakini Naliaka aliona jambo moja. Mabakuli yakiisha, watoto waliondoka. Siku umeme ulipopotea na barafu isigande, walichungulia tu, wakaenda zao. Ni Jescah peke yake aliyebaki, akakaa naye barazani hadi mvua ilipowafukuza.

Siku ya mkosi ilikuwa Jumamosi. Usiku mvua ilikuwa imenyesha bila kukoma. Chemchemi ya Khayega iliaminiwa na watu wote kwa utamu wa maji yake, lakini mvua ikizidi, maji ya mteremkoni, kulikokuwa na mazizi na vyoo, yalitiririka hadi ndani yake. Waangalifu kama Senje hawakuyanywa kabla ya kuyachemsha, lakini wengi waliyanywa hivyo hivyo. Naliaka alikuwa ameyateka kwa madumu asubuhi hiyo, akayaona meupe, akaridhika.

Watoto walikuwa wengi kuliko siku zote. Alipoinamisha mtungi, lilitoka tone moja tu. Kuwasha jiko, kuchemsha maji na kuyapoza kungemaliza nusu ya siku.

"Naliaka! Tumekauka huku!" Shitanda aliita barazani. "Au leo hakuna? Kama hakuna tuambie, twende mtoni."

Twende. Neno hilo lilimchoma. Aliyatazama madumu. Akakumbuka kwamba nyama ya Senje hukaa kwenye barafu wiki nzima isioze. Ikiwa barafu huzuia nyama kuoza, alijiambia, basi bila shaka huua pia viini vya maradhi vilivyo kwenye maji. Akachota kopo la maji ya dumu, akamimina juu ya mananasi.

"Ipo!" alijibu. "Ngojeni tu!"

Wakangoja, wakala, wakasifu. Yeye mwenyewe hakupata hata kijiko, maana yote iliisha.

Kesho yake hakuja mtoto yeyote. Naliaka alidhani wamekwenda kanisani. Mchana akasikia kwamba watoto wanaharisha, na kwamba Jescah ametapika hadi akashindwa kusimama, akapelekwa kituo cha afya na kutundikiwa maji ya dripu. Jioni mama yake Jescah alikuja langoni, kanga imefungwa upesiupesi, macho mekundu.

"Naliaka, sikuja kugomba," alisema. "Daktari anataka kujua. Ile barafu yenu uliitengeneza kwa maji gani?"

Akisema kweli, nani angeingia tena kwenye uwanja ule?

"Ya mtungini, Mama. Yaliyochemshwa."

"Basi ni matunda," mama yule akasema polepole. "Ni yale mananasi yaliyooza ya Mama Makhanu."

Naliaka hakusema ndiyo wala siyo. Alitazama chini, na kimya chake kikamaliza kazi ambayo uongo ulikuwa umeianza.

Maneno hayo juu ya Mama Makhanu yalienea sokoni kama moto wa mabua. Naliaka alikaa ndani. Jescah hakuwepo, wengine walizuiwa na mama zao, na upweke aliodhani ameufukuza ulirudi, ukaketi pale pale ulipokuwa ukiketi zamani. Senje alimuuliza kwa nini hali. Alisema kichwa kinamuuma.

Siku ya soko Senje alimwagiza amletee uzi kwenye kibanda chake cha kushonea. Ilimbidi apite mbele ya Mama Makhanu. Alitaka kuzunguka nyuma ya vibanda, lakini miguu ilisita alipoona hali ya mama huyo. Kwa wachuuzi wengine wateja walisongamana. Mbele ya Mama Makhanu hapakuwa na mtu. Mananasi yalikuwa yamepangwa vizuri kama siku zote, lakini yale ya chini yalikuwa yameanza kutoa maji, na nyuki walikuwa wameyavamia. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake mkono, wakapita upande wa pili wa njia. Mama Makhanu, aliyependa kuzungumza na kila mteja, alikuwa akiongea peke yake kwa sauti ya chini, akipangusa nanasi lililokwisha kupanguswa.

Naliaka aliitambua sauti ile. Ndivyo yeye alivyokuwa akizungumza na kuku.

"Mwanangu," Mama Makhanu alimwona, "hata wewe unanipita kwa mbali? Niambie, yale niliyokupa yalikuwa mabaya? Mimi nilionja kila moja kabla ya kukupa."

Naliaka alisimama, uzi mkononi. Machozi yalimtoka kabla ya maneno.

"Hayakuwa mabaya, Mama. Ni mimi. Nilitia maji ya chemchemi bila kuyachemsha. Kisha nikamdanganya Mama Jescah."

Mama Makhanu hakupiga kelele. Alifunika matunda yake kwa gunia, akajifunga leso kiunoni. "Twende tukamwite shangazi yako," alisema. "Hayo uliyoniambia mimi, ukamwambie na mwenye mtoto."

Walikwenda watatu. Jescah alikuwa amerudi nyumbani, amelala kwenye mkeka, mashavu yamebonyea. Naliaka alipiga magoti mlangoni, akasema yote tangu mtungi ulipokauka hadi uongo wa langoni. Mama Jescah alisimama ghafla.

"Nimemsema vibaya mwanamke huyu soko zima!" alilia. "Na daktari alinipa dawa nikarudi kumnywesha mwanangu maji yale yale ya chemchemi bila kuyachemsha, kwa sababu uliniambia kosa ni la matunda! Unajua hatari hiyo, mtoto wewe?"

Naliaka hakuijua.

Senje hakumtetea. "Sikiliza, Naliaka," alisema. "Baridi haiui viini vyote, vingi huvilaza tu. Vikiingia tumboni na kupata joto, huamka. Maji huchemshwa hadi yatokote, hata kama wageni wako wana haraka. Lakini kosa la maji lilikuwa la kutojua, nalo ningelisamehe siku ile ile. Uongo uliusema kwa kujua. Ulihofu kuachwa peke yako, ukamfanya Mama Makhanu aachwe peke yake. Rafiki anayenunuliwa kwa bakuli huondoka bakuli likiisha. Anayebaki ni yule unayemwambia kweli."

Kutoka kwenye mkeka, Jescah alisema kwa sauti nyembamba, "Ungetuambia tungoje. Mimi ningengoja."

Maneno hayo yalimuumiza Naliaka kuliko ya watu wazima wote.

Siku ya soko iliyofuata, Mama Jescah mwenyewe alikwenda kwa Mama Makhanu, akanunua nanasi, akalimenya na kulila mbele ya watu wote, akieleza kosa lilikuwa la nani. Wateja walianza kurudi, mmoja mmoja. Hata hivyo mananasi yaliyooza hayakurudi, na shamba dogo la mahindi la Mama Makhanu lilikuwa limeliwa na magugu, kwa kuwa hakupata cha kumlipa mpalizi.

"Hilo ni deni lako," Senje alimwambia Naliaka. "Mimi sitakulipia."

Basi siku zote zilizobaki za likizo Naliaka aliliendea shamba lile na jembe begani. Alipalilia peke yake, matope yakimnata miguuni. Watoto walipita njiani kwenda mtoni. Shitanda alipunga mkono, lakini hakusimama. Malengelenge yalimtoka viganjani, yakapasuka, yakakauka. Hakuna aliyemhimiza na hakuna aliyemsifu.

Siku ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, alifika kwenye mstari wa mwisho, karibu na migomba. Alikuta mtu amechuchumaa huko, akipalilia taratibu kutoka upande wa pili. Alikuwa Jescah, bado amekonda. Naliaka akaanza upande wake. Walipalilia mpaka majembe yao yakakutana.

Mama Makhanu alikuja na mawingu ya mvua nyuma yake. Alitembea katikati ya mahindi, akainama hapa na pale, akang'oa gugu moja lililosahauliwa, akalitupa. Kisha akaunyosha mkono, akachukua jembe la Naliaka.

"Deni limekwisha," alisema. "Kesho ukitoka shule, uje bila jembe."